Nimekivunja Chungu Chako, Mama

Mama,

Ni mimi, Wambeti, mke wa Ireri wako. Yule uliyemwita Mkono Mzito. Keti kwanza, kama huko uliko watu huketi, maana nina jambo la kukiri na sitaki unikatize katikati kama ulivyozoea.

Nimekivunja chungu chako. Kile ulichojifinyangia mwenyewe, ukasema kiinamishwe juu ya kaburi lako badala ya simiti. Hakikuanguka. Hakikupasuka ndani ya lori, ingawa hivyo ndivyo nilivyomwambia kila mtu, hata mwanao. Nilikipiga na jiwe, mimi, nyuma ya jikoni, nikilia mpaka kamasi zikanitoka.

Haya. Nimesema. Sasa tulia nikueleze.

Nakuandikia Kiswahili kwa sababu shuleni hawakutufundisha kuandika Kimbeere, na kwa sababu wewe ulikipenda hicho Kiswahili chako cha sokoni. Bado nakuona pale soko la Gakoromone, Meru, umekunja shuka kiunoni, unamwita mzee wa watu aliyekuwa akipita zake na vitunguu: "Chungu hii haina mwenzake, mzee wangu! Gonga usikie!" Mzee akagonga. Akanunua viwili, na hakuwa na haja hata na kimoja. Halafu njia nzima ya kurudi ukawa unalalamikia baridi ya Meru, ati watu wa huku wanaishije, ati wewe ukifia huku roho yako itatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Tulicheka sana siku hiyo. Mimi sicheki tena nikiikumbuka, na utaona kwa nini.

Ulipotuacha, watu wa kampuni ya madini walikuwa bado wanapima. Unakumbuka vile vijiti vyao vyenye utepe mwekundu, walivyopigilia mpaka katikati ya ndengu zetu? Wewe ulikuwa unaving'oa na kuvitia motoni. "Mti wa bure, Wambeti, na hata kuwaka haujui." Wakirudi kuvitafuta unawakaribisha uji, uso mkavu kabisa. Nilidhani watachoka. Nilidhani mama kama wewe anaweza kuichosha kampuni nzima. Kisha ukafa, wakapigilia vijiti upya, na mimi sikuwa na moyo wa kuving'oa.

Kilima kina chuma, walisema. Shimo lao la upande wa pili lilikuwa halitoshi tena, wakataka kulipanua. Mwanzoni tuliambiwa ni nyumba za juu tu. Halafu mstari ukashuka kidogo. Halafu ukashuka tena, mpaka siku moja tukaamka tuko ndani yake. Mikutano ilikuwa mingi, na soda, na hema jeupe. Mzee mmoja wa ukoo wetu akasimama akauliza: kile kichaka cha maombi kule juu, ambacho tangu babu zetu hakuna mtu amekata hata fimbo ya kuchungia mbuzi, kinaandikwa kwenye fomu gani? Mama mmoja wa kampuni mwenye kofia ya plastiki akapekuapekua makaratasi yake. Mwishowe wakaandika "miti mbalimbali". Mzee akakaa. Na wewe unajua alivyopenda kusema.

Tukatawanyika. Wengine walienda Embu mjini kupanga vyumba, wengine kwa wakwe zao, wengine hata sijui. Sisi na majirani wachache tukaletwa hapa Kiirua.

Ndiyo, Mama. Kiirua. Meru. Kwenye baridi.

Nyumba ni nzuri, nisiwe mtu wa kulalamika bure. Mabati mapya, sakafu ya simiti, tangi la maji mlangoni. Zote zinafanana, na wiki ya kwanza Ireri aliingia kwa jirani akavua viatu kabla hajagundua. Lakini mbuzi walianza kukohoa, tukapoteza wawili. Ndengu hazikuota, hapa ni viazi, viazi, viazi. Asubuhi mlima unatoka mweupe kichwani, na sisi tunajifunika mashuka matatu tukitazamana. Kimeru chao nakisikia nusu, Kimbeere changu wanakisikia nusu, kwa hiyo dukani tunakutana kwenye Kiswahili. Hakuna anayenijua ni nani. Kule nilikuwa mkaza mwana wako, wa Ciarunji mfinyanzi. Hapa mimi ni "wale wa kampuni". Fikiria hilo jina, Mama! Sisi, watu wa kampuni!

Sasa nije kwenye kosa langu la kwanza, lililozaa la pili.

Siku ya kuhama, yule mama wa kofia alipita nyumba kwa nyumba na orodha yake, anauliza cha kupakia na cha kuacha. Alikuwa na adabu, sitamsingizia. Akaonyesha lile rundo lako la vigae kando ya ghala. Unalijua. Vipande vya vyungu vyote vilivyowahi kuvunjika kwenye boma lile, vyako, vya mama mkwe wako, vya mama mkwe wake, mpaka nyuma tusikokujua. Akaniuliza, "Na hivi?" Mama, watu walikuwa wanatazama. Madereva wa lori walikuwa wanatazama. Mimi nikaona haya. Nikajiona mshamba anayebeba vigae vilivyovunjika kwenda kwenye nyumba ya simiti. Nikasema, "Hizo ni takataka tu."

Takataka. Kwa mdomo wangu.

Wewe ulinifundisha siku ya kwanza kabisa, kabla hata hujaniruhusu kugusa udongo. Ulinikalisha na jiwe la kusagia na kikapu cha vigae, ukasema hakuna chungu kinachozaliwa peke yake. Udongo mweusi ukiwa peke yake unajisikia, ulisema, ukiuweka motoni unapasuka kwa kiburi. Lazima uusagie cha zamani, konzi moja kwa kila konzi tatu, ndipo unatulia. Nilisaga mpaka mikono ikatoka malengelenge. Ulikuja ukaangalia unga wangu, ukaupitisha kwenye vidole, ukasema, "Mkono mzito huu. Lakini unasaga." Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima. Miaka zaidi ya ishirini nimesaga kutoka kwenye lile rundo, na kila kilichovunjika nikakirudisha palepale. Halafu likaja swali moja la mgeni, nikalikana rundo lote.

Vyungu vizima navyo nilikuwa nimeviuza vyote kabla ya kuhama, kwa sababu walituambia nyumba mpya ina nafasi ndogo. Hata vya kupikia niligawa. Nikaja Kiirua bila kipande cha udongo wetu hata cha kukwaruzia masizi.

Mwezi wa kwanza sikufinyanga. Mwezi wa pili mikono ikaanza kuniwasha, unaijua hali hiyo. Nikaanza kuuliza watu udongo unapatikana wapi. Aliyenijibu ni jirani wa ng'ambo ya barabara, mwenyeji wa hapa, Kathure, mjane, mkulima wa viazi, anaongea kama redio. Alinipeleka kwenye bonde ambapo ng'ombe wake walizoea kukwama, akauchota, akanipa. Mama, ni udongo mzuri! Mweusi, unavutika, hauna mawe. Nilifurahi nikamkumbatia mtu nisiyemjua. Nikafinyanga vitano kama ulivyonifunza, mdomo kwanza, kisha nikavigeuza kufunga vitako. Nikavianika kivulini. Nikavichoma.

Vyote vitano vilipasuka. Pa, pa, pa, kama bisi.

Nikarudia. Nikatia mchanga. Vikapasuka. Nikasaga vile vilivyopasuka nikavitia, vikapasuka tena, viwili vikabaki na nyufa za kutosha kuingiza kidole. Kathure akasema labda ni kuni, maana hapa ni mkaratusi na unawaka kwa hasira, wala si ile miiba yetu ya kuwaka polepole. Ireri akasema labda ni umande. Labda. Mimi nilijua. Kila nilipoona kimepasuka nilisikia ile sauti yangu mwenyewe ikisema takataka.

Nitakwambia ukweli, nilifika mahali pa kuacha. Nilifunga jiwe la kusagia kwenye gunia nikaliweka chini ya kitanda. Nilimwambia Ireri nitalima viazi. Alitoka nje akakaa na mbuzi wake wenye kikohozi.

Makaburi yalihamishwa mwisho. Shemeji yangu mkubwa alitaka ulazwe kwenye makaburi ya mjini Embu, karibu na barabara, ili iwe rahisi kutembelea. Ireri akakataa, mara ya kwanza namwona akimpinga kaka yake. Akasema, "Mama hajawahi kulala kati ya watu asiowajua." Basi tukaja kukuchukua.

Sikutaka kukuandikia kuhusu siku hiyo. Nitaandika kidogo. Boma letu lilikuwa limesawazishwa, sikujua mlango ulikuwa wapi. Pa rundo la vigae palikuwa na tingatinga limeegeshwa. Kilima kilikuwa kimekatwa nusu, chekundu, na kile kichaka hakipo. Lakini wewe ulikuwepo. Wafanyakazi walikuwa wamekuzungushia kamba, na katikati ya lile vumbi lote, chungu chako kilikuwa kimeinama palepale tulipokiacha, kizima, na mjusi juu yake anaota jua. Nilicheka, Mama. Haki nilicheka mbele ya mchungaji. Ulionekana kama umewakatalia.

Mchungaji akaomba, vijana wa glavu wakachimba, wakakuweka kwenye sanduku dogo. Dogo sana. Nikalifunga na blanketi lile jekundu la kwako. Ireri akanong'ona kwamba maiti hasikii baridi. Nikamwambia, humjui mamako.

Chungu nilikipakata mimi, njia yote. Nilikuwa nimekaa nyuma na wewe, na vidole vyangu vilikuwa vinazungukazunguka mdomoni mwake, mpaka vikapata pale ulipokuwa ukibonyeza dole gumba kumalizia. Kila chungu chako kina alama hiyo. Dole gumba langu likaingia. Na hapo, mahali fulani kabla ya kufika Meru mjini, wazo likanijia, nikalifukuza. Likarudi. Ndani ya hiki chungu kuna vigae. Ndani ya vigae hivyo kuna vyungu vya mama mkwe wako. Rundo lote nililolitupa liko hapa mapajani mwangu.

Tulipofika nilikificha kwenye gunia. Tukakuzika nyuma ya nyumba, upande unaopata jua la asubuhi, niliuchagua mimi. Watu walipouliza chungu kiko wapi, nikasema kimepasuka njiani. Ireri alinitazama. Alikuwa amekaa mbele na dereva, hakuona. Akasema tu, "Bahati mbaya."

Nilikaa na lile gunia siku nne. Sikula vizuri. Nilikuwa nakuuliza maswali na wewe unanyamaza, wewe uliyekuwa na jibu hata la swali ambalo halijaulizwa. Kukuibia kaburini! Mwizi gani huyu, hata mwewe hafanyi hivyo. Siku ya tano Ireri alipoenda kutafuta dawa ya mbuzi, nikatoa jiwe chini ya kitanda. Nikaomba msamaha kwa sauti, kwa Kimbeere, ili usiseme hukusikia. Nikapiga.

Kilikuwa kigumu, Mama. Mara tatu kilikataa. Hata kuvunjika hukukifundisha.

Nilisaga siku mbili. Kathure alinikuta, akaona uso wangu, akaketi chini bila kuuliza, akavuta kikapu, akaanza kusaga na yeye. Yeye yule anayeongea kama redio! Alikaa kimya mchana kutwa. Wewe ulikuwa ukisema Wameru hawajui chungu, wanajua gunia tu. Basi ungemwona huyu. Mkono wake ni mwepesi kuliko wangu, na nimeshamwambia, na amekuwa na maringo nayo mpaka amenichosha.

Konzi moja kwa tatu. Tukakanda kwa visigino. Unga ulitosha vyungu vinne. Tukavianika wiki tatu badala ya mbili, kwa sababu ya hii baridi yenu, nimesema yenu, sasa ni yako na wewe. Kathure akaleta kuni za mti wa zeituni wa porini, zile za kuwaka taratibu. Tukawasha asubuhi. Nilikaa nimeziba masikio.

Kimoja kilipasuka. Kimoja tu. Vitatu vilitoka kwenye jivu vyekundu vizima, na vilipopoa nikainama nikagonga kile kikubwa kwa kifundo cha kidole. Kikaitika. Ile sauti yako ya Gakoromone, Mama, ndefu, safi. Kathure akapiga kigelegele, watoto wa jirani wakakimbia kuja kuona ni harusi ya nani.

Ireri alikuwa amesimama kwenye pembe ya nyumba. Alikuja akainua kile chungu, akakigeuza, akagonga na yeye. Wewe ndiye uliyemzaa, sauti ile ameisikia tangu tumboni. Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote: takataka, gunia, jiwe, uongo. Nilitegemea anipigie kelele, na ningeona ni haki yangu. Akaweka chungu chini polepole. Akasema, "Nilijua. Wewe huwezi kupakata chungu cha Mama kikapasuka." Mwezi wote ule alijua, Mama! Alikuwa ananingoja tu. Tukalia pale kwenye jivu, wazee wazima, na Kathure akajifanya anakusanya kuni.

Leo asubuhi tumekiweka kile kikubwa juu yako, kimeinama, kama ulivyotaka. Hakina uzuri wa kile cha kwanza, shingo imekaa upande kidogo, najua utasema. Lakini ndani yake umo wewe, na mama mkwe wako yumo, na udongo wa bondeni kwa Kathure umo. Cha pili ni chake Kathure. Cha tatu tumekibandika jikoni, kina ndengu alizotuletea shemeji, na nyumba nzima ya simiti leo inanuka kama kwetu. Kile kilichopasuka nimekiweka kando ya tangi. Ndilo rundo jipya. Dogo, lakini mtu akiniuliza tena ni nini, sasa najua la kumjibu.

Kuna kigae kimoja cha chungu chako ambacho sikukisaga. Kile chenye dole gumba lako. Nisamehe, hicho sikuweza. Kiko mfukoni mwa aproni yangu hata sasa ninapoandika.

Sijui kama tutapazoea hapa. Sitakudanganya tena, nimechoka na uongo. Kuna asubuhi natoka nje nikitafuta kile kilima, na bado nakasirika, na sitaki hasira hiyo iniishe. Lakini nakuahidi hili moja. Nimeshawaambia Ireri na Kathure: nikifa, wasiniwekee simiti, na chungu changu wasikiache juu yangu kikae bure. Wakivunje, wakisage, watie udongoni, na kigae chako kile cha dole gumba wakisage pamoja nacho. Hapo sitakuwa na mkono mzito wa kukataa.

Sasa lala, Mama. Jua linakupata, nimehakikisha. Blanketi ni lile jekundu. Na roho yako isijaribu kutembea mpaka nyumbani, maana kule hakuna mlango tena. Mlango uko hapa. Kila asubuhi nikienda kuwafungulia mbuzi nitapita kwako, nitainama, nitagonga mara moja, nisikie unavyoitika.

Hodi, Mama.

Wambeti wako,
Mkono Mzito